Mikono ya Mama: Kibanio Kimeigwa, Tufanyeje?

Mwezi huu nawaletea habari ya jirani yangu hapa Sinza. Kwa miaka miwili amekuwa akishona vibanio vya nywele kwa mabaki ya vitenge anayopewa na mafundi cherehani. Anapitisha lastiki ndani ya kitambaa, kisha anatunga shanga safu tatu, ile ya katikati ikipishana na wenzake. Wasusi wa Sinza Mori wanamchukulia, na ada ya mtoto wake wa pili imetoka humo. Siku moja mteja akamletea kibanio kama chake, safu tatu zilezile, kimenunuliwa mjini kwa nusu ya bei.

Alikuja kwangu machozi yakimlengalenga. "Dada, nitaomba hataza!"

Nilimwambia ukweli, ingawa ulimuuma. Hataza, inayotolewa na BRELA, ni ya uvumbuzi, yaani jambo jipya ambalo halijapata kujulikana popote. Lastiki ndani ya kitambaa si jambo jipya. Mmarekani mmoja, Rommy Revson, aliyekuwa mwimbaji, alishona kibanio cha namna hiyo mwaka 1986, akapata hataza ya umbo lake mwaka 1987. Tena ukishauza na kuonyesha hadharani, upya unapotea. Vibanio vya jirani yangu vimevaliwa hadi kanisani siku ya Pasaka! Kwa hiyo wewe uliyegundua kifungo cha mkufu kinachofunga kwa namna isiyowahi kuonekana, usikipeleke gulioni kabla hujapeleka maombi.

Je, hana chake? Anacho. Mpangilio wa shanga alioubuni mwenyewe ni kazi ya sanaa, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda tangu siku alipoitengeneza. COSOTA wanasajili kazi kama hizo, na cheti husaidia panapotokea ubishi. Jina la bidhaa nalo huandikishwa BRELA kama alama ya biashara, kwa miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa kila miaka 10. Mimi naona kwa mama mwenye mtaji mdogo jina ndilo la kuanza nalo, kwa maana mteja humtafuta mshonaji kwa jina. Kuna pia njia ya kuandikisha umbo kupitia ARIPO kule Harare, ila kwa mtu wa vibanio mia kwa mwezi gharama itammeza.

Hapo nikamuuliza swali ambalo hakulitegemea: "Na hizo rangi, umezitoa wapi?" Akanyamaza kidogo. Kupishanisha safu ni wazo lake, lakini nyekundu, nyeupe na buluu kwa mpangilio ule aliziona shingoni mwa mama wa Kimaasai anayeuza dawa za asili kituoni. Tulicheka, lakini si sana. Akasema hizo hataziandikisha kuwa zake.

Jumamosi tulikaa barazani kwake tukapiga picha kila kibanio. Binti yake akaandika kwenye daftari la shule tarehe kila kilipobuniwa, pamoja na risiti za shanga tulizozikuta ndani ya kopo la Blue Band. Jina la biashara bado linabishaniwa. Baba wa nyumba anataka liwe la kwake.