Saa ya Ulaya isimpokonye mkulima asubuhi yake

Jumapili ya mwisho ya mwezi Machi kila mwaka, ikigonga saa kumi alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, hutokea jambo ambalo mfanyakazi wa shamba la maua la Naivasha halioni wala halisikii. Mjini Amsterdam, saa zinazosoma saa nane usiku huruka ghafla hadi saa tisa. London huruka kutoka saa saba hadi saa nane. Kuanzia siku hiyo, Mholanzi na Mwingereza huamka, hufungua ofisi na huagiza bidhaa saa nzima mapema kuliko juma lililotangulia, ukihesabu kwa saa ya Nairobi. Hali hiyo hudumu hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ambapo saa hurudishwa nyuma.

Kenya haibadilishi saa, na haina sababu ya kufanya hivyo. Karibu na ikweta, tofauti kati ya siku ambayo jua huwahi zaidi kuchomoza na ile ambayo huchelewa zaidi ni takriban nusu saa tu mwaka mzima. Isitoshe, anayezungumza Kiswahili tayari ana saa inayolifuata jua. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, na hakuna bunge linaloweza kuisogeza.

Shida ni kwamba mashamba mengi humu nchini hayauzi kwa jua la Kenya. Huuza kwa saa ya mnunuzi. Wakati wa baridi kule Ulaya, Uholanzi huwa nyuma ya Kenya kwa saa mbili na Uingereza kwa saa tatu. Kiangazi kikiingia, tofauti hiyo hubaki saa moja na saa mbili. Mashirika ya ndege nayo hugawa mwaka katika misimu miwili ya ratiba, na misimu hiyo huanza Jumapili hizo hizo mbili za Machi na Oktoba. Kwa hivyo mnada, oda za maduka makubwa na nafasi ya mzigo ndani ya ndege vinaweza kusogea vyote kwa pamoja.

Kuna watakaouliza, saa moja ni kitu gani? Kwa mwenye ofisi Nairobi, pengine si kitu. Atachelewesha chai yake. Lakini katika mazao yanayoharibika upesi, saa moja si ndogo, na swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni nani anayeitoa.

Chukua mfano wa mnunuzi wa Uingereza ambaye huthibitisha oda yake ya siku saa nne asubuhi kwa saa za London. Mwezi Februari, ujumbe huo hufika Nairobi saa saba mchana. Mwezi Aprili hufika saa sita. Ghala la kupakia likijua mapema, hilo ni jambo jema, kwani limepata muda zaidi kabla ya lori kuondoka kwenda uwanja wa ndege wa JKIA. Lakini ndege ikiwa nayo imesogezwa nyuma kwa saa moja, faida hiyo imepotea, na msimamizi wa ghala atataka mazao yamfikie saa moja mapema. Atampigia simu wakala, wakala atampigia dereva, na dereva atafika kituo cha kukusanyia mazao saa nne badala ya saa tano. Mkulima ni wa mwisho kujua. Mara nyingine hujua anapoliona gari.

Kwa mkulima wa mishiri, yale maharagwe mabichi ya kuuzwa ng'ambo yanayolimwa sana Kirinyaga, Murang'a na Machakos, saa hiyo haiwezi kupatikana kwa kuamka mapema. Mwisho wa Machi ndio mwanzo wa mvua ndefu. Majani hulowa usiku kucha kwa mvua na umande. Kila afisa wa kilimo wa nyanjani hufundisha kwamba mtu asiingie katika shamba la maharagwe majani yakiwa na maji, kwa sababu nguo na mikono ya wachumaji hubeba kutu na magonjwa ya bakteria kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Kwa hivyo wachumaji husubiri jua likaushe majani. Ikiwa yanakauka saa mbili na gari linakuja saa tano, mkulima ana saa tatu za kuchuma, kuchambua na kubeba. Gari likija saa nne, amebakiwa na saa mbili. Theluthi moja ya asubuhi yake imeliwa na sheria iliyopitishwa Brussels, na umande wake haujapungua hata tone.

Hapo ana njia tatu, na zote zina gharama. Anaweza kuingia shambani majani yakiwa mabichi na kueneza ugonjwa utakaomla juma linalofuata. Anaweza kuongeza vibarua, na ujira unatoka mfukoni mwake. Au anaweza kupeleka alichokipata, akabakia na mishiri iliyokomaa kupita kipimo ambayo kesho itakataliwa kwa unene. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoonekana katika hesabu za anayenunua.

Jambo hili si geni, ingawa limesahaulika. Watu wengi huamini kwamba saa za kiangazi zilibuniwa kwa ajili ya wakulima. Ukweli ni kinyume. Ujerumani ilianza kuzitumia Aprili 1916, katikati ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, ili kupunguza matumizi ya makaa ya mawe, na Uingereza ikafuata mwezi uliofuata. Marekani iliingia mwaka wa 1918. Wakulima wa Marekani walikuwa miongoni mwa waliopinga kwa nguvu zaidi, na hoja yao ilikuwa hii hii ya umande. Nyasi za kulishia mifugo hazivunwi hadi zikauke, ilhali kibarua alikuwa akienda nyumbani kwa kufuata saa ya ukutani. Treni ya maziwa nayo haikumsubiri ng'ombe. Mwaka wa 1919 bunge la Marekani liliifuta sheria hiyo ya saa za kiangazi, licha ya kura ya turufu ya Rais Woodrow Wilson. Baadaye ilirejea, lakini angalau wakulima hao walikuwa na wabunge wa kuwasemea. Mkulima wa Mwea hapigi kura Ulaya.

Hata ile hoja ya kuokoa nishati imetiwa shaka. Jimbo la Indiana, Marekani, lilipoanza kutumia saa za kiangazi kote mwaka wa 2006, wachumi Matthew Kotchen na Laura Grant walichunguza bili za umeme za nyumba na kugundua kuwa matumizi yaliongezeka kwa takriban asilimia 1. Taa zilizimwa mapema, lakini mashine za kupooza hewa zikafanya kazi zaidi.

Hata hivyo, kuna la kujifunza kutoka kwa wafugaji wa kule kule Ulaya. Ng'ombe wa maziwa hajui kusoma saa. Amezoea kukamuliwa kwa vipindi vinavyolingana, na kiwele chake hujaa kwa kufuata mazoea hayo. Akisogezewa saa nzima kwa siku moja hufadhaika na maziwa yanaweza kupungua. Kwa hivyo mfugaji mwangalifu hasubiri Jumapili ya mwisho ya Machi. Huanza siku kadhaa kabla, akisogeza ukamuaji kwa dakika 10 au 15 kila siku, hadi siku yenyewe ifikapo awe amemaliza. Ng'ombe hapati habari kwamba kuna kilichobadilika.

Ikiwa ng'ombe anastahili kutayarishwa hivyo, ni vigumu kuona kwa nini mkulima wa mishiri na mama anayekata maua katika vivungulio wasistahili. Tarehe zenyewe si siri. Kanuni ya Umoja wa Ulaya inazitaja, na mtu yeyote mwenye kalenda anaweza kuzihesabu miaka 5 mbele. Kampuni inayouza nje haiwezi kudai kwamba ilishtukizwa. Gari linaweza kusogezwa kwa robo saa kila baada ya siku mbili, na kwa muda wa juma moja au zaidi kidogo kazi imekwisha. Wakati huo mkulima anapanga upya vibarua wake. Vikundi vya wakulima navyo vinaweza kupunguza uzito wa asubuhi kwa kuchuma sehemu ya mazao jioni iliyotangulia, majani yakiwa makavu, na kuyahifadhi katika chumba cha kuta za makaa yanayomwagiwa maji, ambacho hupooza mazao bila umeme. Hilo linahitaji mnunuzi akubali kupokea mazao ya jana jioni, na ni jambo la kuafikiana mapema kabla ya Machi kufika.

Oktoba ina taabu zake, na hizi humwangukia zaidi mfanyakazi kuliko mkulima mdogo. Saa ikirudishwa nyuma kule, oda huchelewa kwa saa moja huku. Ndege ikibaki pale pale, kazi ya kupanga, kufunga na kupakia hubanwa. Ikisogezwa mbele, zamu hurefuka hadi usiku. Giza huingia Naivasha saa kumi na mbili na nusu hivi, Ulaya ipende isipende, na wengi wa wanaofanya kazi katika maghala ya kupakia ni wanawake wanaorudi nyumbani kwa miguu au kwa bodaboda. Saa moja zaidi ghalani ni saa moja zaidi barabarani gizani, na mtoto aliyeachwa na jirani kwa saa hiyo hulipiwa.

Katika hili sheria haiko kimya. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 huhesabu saa za kazi miongoni mwa mambo yanayopaswa kuandikwa katika mkataba. Zikibadilika, mwajiri anatakiwa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Tangazo linalobandikwa mlangoni mwa ghala Jumatatu asubuhi si mashauriano. Vyama vya wafanyakazi wa mashambani, ambavyo hupigania nyongeza ya mishahara kwa bidii, vingefanya vyema kuidai barua hiyo kila Februari na kila Septemba.

Si Ulaya pekee yenye mchezo huu. Marekani hubadilisha saa Jumapili ya pili ya Machi, majuma mawili au matatu kabla ya Ulaya, kwa hivyo mfanyabiashara wa kahawa anayefuatilia bei ya New York huona tofauti ya saa 8 ikiwa 7 huku London ikiwa bado haijasogea. Misri, mnunuzi mkubwa wa majani chai ya Kenya, ilirejelea saa za kiangazi mwaka wa 2023 na hubadilisha Ijumaa ya mwisho ya Aprili. Kwa chai na kahawa hilo ni usumbufu mdogo tu, maana haziozi ghalani. Waridi na mishiri ni habari nyingine. Mwaka wa 2025, siku ya akina mama nchini Uingereza iliangukia Machi 30, siku ile ile saa ziliposogezwa mbele, na wauza maua wa huko wakapoteza saa nzima ya usiku kabla ya asubuhi yenye wateja wengi.

Wapo wanaotumaini kwamba tatizo litajiondoa lenyewe. Mwaka wa 2018 Tume ya Ulaya ilipendekeza desturi hii ikomeshwe, baada ya watu milioni 4.6 kutoa maoni na asilimia 84 kati yao kuikataa. Machi 2019 Bunge la Ulaya liliunga mkono kwa kura 410 dhidi ya 192, mwisho ukipangiwa 2021. Mwaka huo ulipita bila serikali za nchi wanachama kuafikiana. Na hata zikiafikiana, kila nchi italazimika kuchagua kubaki na saa za kiangazi au za kawaida daima, na Uingereza, iliyojiondoa katika Umoja huo, inaweza kwenda njia yake. Muuzaji mwenye wateja Rotterdam na London atakuwa na hesabu mpya ya kufanya.

Mkataba unaosema tu kwamba gari litafika saa tano hauwezi kujibu lolote kati ya hayo. Unaoweza kujibu ni ule unaotaja saa ya gari Uingereza ikiwa nyuma kwa saa tatu, saa ya gari ikiwa nyuma kwa mbili, siku ngapi mkulima atajulishwa kabla, na nani atalipia mishiri iliyobaki shambani ikiwa hakujulishwa. Ni mistari minne, na vikundi vinavyotia saini mikataba ya msimu wa Oktoba vinaweza kuidai sasa.