Breki Huisha Mapema kwa Sababu Gani?

Pedi za breki zinapokwisha kabla ya wakati wake, lawama hutupiwa muuza vipuri. Ni kweli kwamba vipuri hafifu vipo. Lakini, kwa maoni yangu, yafaa kwanza tuutazame mguu wa dereva.

Na tufanye hesabu. Gari lenye uzito wa tani 2 likishuka mteremko wenye kimo cha meta 500 bila kuongeza mwendo, hupoteza nishati ipatayo jouli 9,800,000. Joto hilo latosha kuchemsha lita 29 za maji yaliyokuwa na nyuzi 20 za sentigredi, yaani ndoo kubwa moja na nusu. Dereva ateremkaye Kitonga, mkoani Iringa, akiwa ametoa gia ili aokoe mafuta, huzitwika breki karibu mzigo wote wa namna hiyo. Pedi huungua na kulika upesi, sahani hupata nyufa. Na joto likizidi, msuguano hupungua na gari halishikiki tena.

Mafuta yenyewe hayaokolewi. Injini nyingi za kisasa hujikatia mafuta gari literemkapo likiwa ndani ya gia. Gia ikitolewa, injini huhitaji mafuta ili isizimike. Gia ndogo, kinyume chake, huifanya injini isaidie kulizuia gari.

Walimu wa fizikia, basi, wasiishie kwenye kigari cha kuchorwa ubaoni. Mwanafunzi anayekokotoa joto la mteremko leo ndiye dereva, fundi au abiria wa kesho. Naye atakuwa na sababu ya kusema: ingiza gia.