JANI AU TAWI? TUTAZAME MBELE YA KUHUKUMU



Mwezi huu sitaandika juu ya kuchelewa ku mustari wala juu ya unifomu chafu. Maneno yale mumekwisha kuyasikia kwa kinywa changu mpaka masikio yamechoka. Leo nataka kuandika juu ya jani. Najua wengine watacheka: "Kapita hana kazi. Egzetat iko karibu, yeye anahesabu majani!" Mucheke, lakini musome mpaka mwisho, kwa maana kuko neno la haya ndani yake, na haya ile ni yangu.

Habari ni hii. Katika mwezi wa kumi na moja, mvua ilipoanza kunyesha vizuri, tulikata shauri la kupanda moringa kandokando ya ukuta wa shule, upande wa jiko. Moringa ni muti wa faida. Majani yake ni mboga, tena unakubali kupandwa kwa kukata tawi na kulisimika katika udongo, sawa vile tunafanya kwa muhogo. Mama mumoja jirani wa shule alituruhusu kukata ku muti wake. Mimi ndimi niliyesimamia kazi, siku ya posho, saa ya salongo. Nilichagua "matawi" mazuri, mabichi, marefu kama mukono wangu kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Niliyahesabu: 24. Watoto sita wa mwaka wa saba waliyapanda, kila mumoja mane. Nikawaamuru kuyamwangilia maji kila siku mvua isiponyesha.

Kisha siku chache majani madogo yalianza kuanguka. Kisha juma mbili yote yalikuwa makavu, yamesimama pale kama njiti za kibiriti. Nikakasirika. Sikuuliza mutu. Nilisema tu: "Munaogopa kuchota maji! Munaenda kucheza mupira na bidon tupu!" Nikawapa azabu ya kufyeka nyasi siku mbili za posho.

Mumoja wao, mufupi kuliko wote, akainua kidole. Akasema: "Yaya kapita, maji tulimwanga kila siku. Lakini bile haikukuwa matawi. Ilikuwa majani."

Watu wote waliokuwa pale walicheka. Mimi vilevile nilicheka. Kisha nikamuongezea siku ya posho moja, juu ya kubisha.

Mwalimu wetu wa biolojia alisikia habari ile. Hakunigombeza. Aliniomba tu nimufuate mpaka ku muti wa yule mama, akashika "tawi" moja sawa na yale niliyokata, akaniuliza: "Kapita, nionyeshe jicho liko wapi." Nilitafuta. Nilitafuta chini ya kila kajani, nikatafuta ku ncha. Sikuona jicho hata moja. Akaniambia nishuke na kidole mpaka pale kikonyo kikubwa kinapoungana na muti. Pale, juu kidogo ya maungio, kulikuwa jicho moja tu. Akasema: "Basi, kutoka hapa mpaka kule ncha, hii yote ni jani moja."

Jani moja! Yule mutoto alisema kweli. Mimi nilipanda majani 24 na kungojea miti 24. Pasipo jicho, hakuna chipukizi. Pasipo chipukizi, hakuna muti. Hata wale watoto sita wangeyamwangilia muto Lualaba wote, yangekauka tu. Tawi la moringa la kupanda ni lile lililokomaa, gumu, nene kupita kidole gumba, lenye macho ku ubavu wake.

Sasa musikie neno linaloniuma zaidi. Mwaka uliopita, katika intero juu ya majani, nilipata 8 juu ya 10. Nilijua kusema feuille simple, feuille composée, foliole, rachis, pasipo kupumzika. Nilijua maneno yote, lakini nilipokutana na kitu chenyewe inje ya darasa, sikukitambua. Mutoto wa mwaka wa saba, asiyejua bado maneno yale ya Kifaransa, alikitambua. Nilipomuuliza nyuma, alisema nyumbani kwao kuko moringa, na yeye ndiye anayemuchumia mama yake mboga. Kitabu chake kilikuwa muti.

Basi nimefikiri kwamba inafaa kuandika hapa namna ya kutazama, ili mutu mwingine asifanye kosa langu.

Jani la peke ni lile lenye bapa moja juu ya kikonyo chake: embe, avoka, matembele. Jani la kuungana ni lile ambalo bapa lake limegawanyika kabisa, likawa tujani tungi juu ya kikonyo kimoja. Tujani tule si majani; ni vipande vya jani moja, sawa vile vidole si mikono. Kuko alama tatu. Ya kwanza ni jicho: liko pale jani zima linapoungana na tawi, haliko chini ya kila kajani. Ya pili ni ncha: tawi lina chipukizi ku ncha, linaendelea kukua, jani halina, likifika mwisho limefika. Ya tatu, tujani tunalala bapa pamoja kama kiganja kilichofunguliwa, lakini majani ku matawi mengi yanazunguka upande huu na huu. Alama hii ya tatu inadanganya mara ingine. Jicho ndilo shahidi mukubwa. Na kama jicho ni dogo sana, tazama chini zaidi ku tawi, pale majani ya zamani yalipoanguka: utaona kovu, na juu ya kovu utaona jicho.

Mukiwa na alama hizi, muzunguke katika shamba letu nyuma ya madarasa. Maharagi yana tujani tutatu ku kila jani. Lakini angalia vizuri: majani mawili ya kwanza, yanayofunguka mutoto wa haragi akitoka katika udongo, ni ya peke. Yale yanayofuata ndiyo ya kuungana. Kwa hiyo wawili wanaweza kubishana juu ya haragi moja na wote wawili kuwa na haki, kwa sababu mumoja alilitazama juma la kwanza na mwingine juma la tatu. Karanga ina tujani tune, wawili wawili. Tomati ina tujani tukubwa na tudogo vimechanganyika ku jani moja, na pale kati ya jani na muti, pale pa jicho, kunatoka chipukizi. Wenye bustani wanaking'oa chipukizi kile ili nguvu iende ku matunda. Mutu asiyejua jani na chipukizi atang'oa majani na kuacha machipukizi, kisha atalaumu mbegu.

Moringa inazidi. Kikonyo chake kinagawanyika, vigawanyo vinagawanyika tena, na huko ndiko tujani tunakaa. Flamboyant, muti ule wa maua mekundu uliotoka kisiwa cha Madagascar, nao unagawanyika mara mbili. Nilichukua jani moja lililoanguka njiani nikahesabu: vigawanyo jozi 15, ni kusema 30, ku kigawanyo kimoja tujani jozi 20, ni kusema 40. Kama vyote vinafanana, mara 30 kwa 40 ni tujani 1.200 katika jani moja! Na mimi zamani nilikuwa nikisema: "Flamboyant ina majani madogo sana." Kumbe ina majani makubwa sana.

Sasa sombe. Nani kati yetu hajakula sombe? Tazama jani la muhogo: vidole vitano, saba, mara ingine tisa. Wengi wetu tungeandika kwamba ni la kuungana. Hapana. Vidole vile vinaungana vyote pale juu ya kikonyo, havikuachana kabisa. Ni jani moja la peke lililokatwa sana, sawasawa na la papai. Na ndimu? Inaonekana la peke kabisa. Lakini pale kati ya kikonyo na bapa kuko kiungo kidogo, na kwa sababu yake wenye elimu ya mimea wanalihesabu kuwa jani la kuungana lenye kajani kamoja tu! Linaloonekana mengi ni moja, na linaloonekana la peke limetoka katika jamaa ya yaliyogawanyika. Jicho la haraka linakosea pande zote mbili.

Tena kuko jambo la kupendeza. Magaribi, mukitoka ku etidi, mupite ku karanga. Mutaona tujani tune tumefungana wawili wawili kama mikono ya mutoto anayeomba. Chini ya kila kajani kuko kauvimbe kadogo. Maji yakiingia na kutoka mule, kajani kanapanda ao kanashuka. Katika mwaka 1729 Mufaransa mumoja, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliandika juu ya mumea wa namna hii uliowekwa mahali pa giza. Uliendelea kufunga na kufungua tujani twake pasipo kuona jua, kama mutu mwenye saa ndani yake. Yeye vilevile alianza kwa kutazama tu.

Mutu asiseme kwamba haya ni mambo ya wakulima, na sisi wa Kolwezi ni watu wa shaba na kobalti. Katika inchi yetu hii mimea imesaidia watu kujua palipo shaba. Vilima vingine havina miti mikubwa, kuko nyasi na maua tu, kwa sababu udongo wake umejaa madini na miti mingi haiwezi kuuvumilia. Kati ya maua yale kuko moja linaloitwa Haumaniastrum katangense, ua la shaba. Mubelgiji Paul Duvigneaud alitoa kazi yake kubwa juu ya mimea ya Katanga na udongo wenye madini katika mwaka 1958. Waliotafuta madini walijua kusoma alama zile. Na miti ya pori letu vilevile inajitambulisha kwa jani: jani la mukula linaishia na kajani kamoja peke yake ku ncha, lakini jani la muombo linaishia na tujani tuwili. Miti hii tunaikata kwa mbao na makala kila siku. Je, tutakata yote mbele ya kujua majina yake?

Wengine wananiambia: "Bwana, Egzetat haiulizi moringa. Inakupa maulizo na majibu, unachagua moja, basi." Ni kweli. Tena sisemi tuache kushika maneno ya kitabu. Pasipo maneno yale mwalimu hangeweza kunifasiria kosa langu. Ninasema neno pasipo kitu ni kama kikonyo pasipo jicho: unaweza kulisimika, litasimama siku ine, kisha litakauka.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Kwanza, ninaomba walimu wetu, kwa heshima yote, kwamba katika kila intero juu ya mimea kuwe ulizo moja lenye jani la kweli juu ya meza. Hailipishi hata franka moja. Pili, kila darasa lipewe mustari mumoja wa shamba letu, na kibao kidogo chenye jina la kila mumea, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Waliokua na mama zao mu shamba watafundisha waliokua mu kamp na mu site. Tatu, ninawaomba makapita wenzangu, na hasa yule atakayeshika kazi hii kisha mimi: mbele ya kutoa azabu, uliza, na mudogo akijibu, usiite jibu lake kubisha mpaka umekwenda kutazama.

Juu yangu mwenyewe: siku zile za posho wale watoto sita wamekwisha kuzimaliza, siwezi kuwarudishia. Nilikwenda katika darasa lao nikaomba musamaha mbele ya wote, na hapa ninauomba tena, kwa sababu cheko lilikuwa mbele ya shule yote. Yule mufupi alinijibu: "Haina neno, yaya. Tupande tena." Siku ya posho iliyofuata tulipanda matawi sita, ya kweli, yeye ndiye aliyeyachagua. Mimi nilichota maji.

Mukipita upande wa jiko, mutazame. Mane yamekwisha kufungua macho.

Kapita wa wanafunzi,
mwaka wa ine wa humanite