Mnyama wa Bahari Baridi ni Mwalimu, Si Ghala la Dawa

Wapo wadhanio kwamba dawa za baharini hutafutwa katika maji ya vuguvugu tu, penye matumbawe. Dhana hiyo imekwisha kukanushwa. Karibu na kituo cha utafiti cha Palmer, huko Antaktiki, huishi Synoicum adareanum, mnyama laini asiye na uti wa mgongo, aliyenata mwambani katika maji yanayokaribia kuganda. Hana gamba la kumkinga wala miguu ya kukimbilia. Wanyama wengi wa hali hiyo hujilinda kwa kemikali. Mwaka 2006 wanakemia wa Marekani walieleza kemikali waliyoitoa mwilini mwake, palmerolaidi A, ambayo katika maabara iliua chembe za saratani kali ya ngozi.

Palmerolaidi bado si dawa. Nayo ikifaa, itapatikana wapi kwa wingi? Jibu la haraka ni kuvua zaidi. Nalo ni jibu potofu.

Ushahidi uko Kaikoura, New Zealand. Huko tani 1 ya sifongo, waliotolewa katika kina cha mita 100 hivi, ilitoa halikondrini B isiyofika nusu ya gramu. Sifongo wote wa mahali hapo walikadiriwa kuwa tani 300 hivi. Basi hata wangalivuliwa wote, wasingalitoa gramu 150, na bahari ingalibaki tupu. Kilichofaa ni elimu. Mwaka 1992 kundi la Yoshito Kishi, wa Chuo Kikuu cha Harvard, liliunda halikondrini B maabarani. Baadaye ilibainika kwamba sehemu tu ya molekuli hiyo yatosha kufanya kazi. Na mwaka 2010 dawa iliyotokana nayo, eribulini, iliidhinishwa Marekani kwa saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa mwilini.

Antaktiki nayo imetoa funzo lake. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba jeni zinazoelekea kuunda palmerolaidi si za mnyama mwenyewe, bali ni za bakteria aishiye ndani yake. Mwenye kuvua kwa pupa angalibeba nyumba, asimjue mwenye nyumba.

Kwa hiyo yafaa kuchukua sampuli chache na kuzichunguza sana. Kazi hiyo yahitaji mjuzi wa wanyama, wa bakteria na wa kemia pamoja, wala si nyavu kubwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hana haja ya kuvunja kitanda.