Paka wa Daftari la Hesabu

Ndugu msomaji, hivi karibuni jirani yangu aliniletea daftari la hesabu la mwanawe wa darasa la tano, akitaka nishuhudie uharibifu kabla hajamtia mtoto adabu. Hesabu zilikuwamo, na nyingi zilikuwa sahihi. Lakini katika pembe ya chini ya kila ukurasa alichorwa paka mdogo, na mtu akizipitisha kurasa hizo haraka kwa kidole gumba, paka huyo huondoka sakafuni na kupanda juu ya meza iliyowekwa samaki. Mama aliona karatasi zilizopotea. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni, wala hakuomba radhi; naye alikuwa na malalamiko yake. "Mjomba, paka wangu haruki," alisema, "anaelea."

Na kweli alikuwa akielea, kama jani lililoangukia mtoni. Nilimwomba mama aketi kwanza, kwa kuwa malalamiko ya mwanawe ndiyo ya kila mtu aliyejaribu kazi ya katuni za sinema, wakiwamo watu wazima wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Kosa lake lilikuwa hili. Mruko wenyewe aliuchora katika kurasa 12, kila ukurasa paka akisogea kwa hatua iliyo sawa na ile iliyotangulia. Alidhani kwamba michoro ikiwa mingi, mwendo utakuwa mkali. Mambo ni kinyume. Mkanda wa sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde moja, na wachoraji wa katuni aghalabu huupiga picha kila mchoro mara mbili. Basi sekunde moja hula michoro 12. Paka aliyechorwa mara 12 angani atakaa angani sekunde nzima, na hiyo si safari ya paka bali ya puto. Michoro 3 ingemfikisha mezani kwa robo sekunde. Anayetaka wepesi hana budi kupunguza michoro.

Hata hivyo, kupunguza peke yake hakutoshi, maana jicho la mtazamaji lisipoonywa litapitwa na jambo lote. Mtazame mchezaji wa mpira anayepiga penalti: hurudi nyuma kwanza. Mtazame mwanamke anayetwanga: huinua mchi kabla ya kuushusha. Katika katuni, kurudi nyuma huko hutiwa chumvi. Paka na ajikunyate mpaka tumbo liguse sakafu, mkia utetemeke, kisha atulie hapo kitambo. Mtazamaji akiisha kujua kwamba jambo linakuja, ndipo paka atoweke. Ukali wa mwendo hutokana na utulivu uliotangulia, na utulivu unaofuata baada ya kufika.

Aliyeupeleka ufundi huu mbali ni Chuck Jones, mwongozaji wa katuni wa Warner Bros. huko Marekani. Mwaka 1942 alitoa filamu fupi iitwayo The Dover Boys. Wahusika wake husimama katika mkao mmoja kama sanamu. Mara ghafla wamo katika mkao mwingine. Baina ya mikao hiyo wachoraji walitia michoro michache ya ajabu, ambamo mwili wa mtu umevutwa kama uji uliomwagika, kutoka alipokuwa hadi anakokwenda. Ukiusimamisha mkanda hapo, utadhani mchoraji alikuwa amelewa. Mkanda ukiendelea, jicho haliuoni mchoro huo, lakini linaupokea. Katika miaka hiyo fahari ya katuni ilikuwa mwendo mororo wa Disney, unaokaribia maisha yenyewe, na wakubwa wa Jones hawakupendezwa na mzaha wake. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba nusura wamwachishe kazi.

Lakini mfano niupendao zaidi ni wa yule mnyama wa jamii ya mbweha, Wile E. Coyote, ambaye Jones alianza kumwonyesha mwaka 1949 akimkimbiza ndege asiyekamatika. Hupita ukingo wa jabali bila kujua, husimama hewani, hututazama sisi tulioketi, kisha huanguka. Jones alieleza kwamba anguko hilo lilikuwa na hesabu yake: picha 18 mpaka mnyama atoweke machoni huko chini, kisha picha 14 za kusubiri kabla vumbi halijafumka. Kwa kipimo chake, picha 13 hazikuchekesha, wala picha 15. Picha 14 ni zaidi kidogo ya nusu sekunde. Fikiri, ndugu msomaji: mtu mzima aliketi akabishana na nafsi yake juu ya sehemu moja ya 24 ya sekunde, na katika muda wote huo wa kusubiri hakuna kinachotembea. Kicheko kimo katika kungoja.

Kuhusu umbo nitasema machache. Paka arefushwe akiwa angani na abonyezwe anapotua, lakini asipungue wala asizidi. Ni kama donge la unga wa chapati, ambalo likibonyezwa hutanuka na likivutwa hurefuka, unga ukiwa uleule. Mkia na masikio vichelewe kufika.

Pengine utasema kwamba siku hizi kompyuta humwondolea mchoraji taabu hizi. Kompyuta huweza kweli kuijaza yenyewe nafasi iliyo baina ya mkao na mkao, ila isipoelekezwa huijaza kwa ulaini wa namna moja, kwa paka na kwa tembo. Ndipo paka wa kompyuta naye anapoelea kama wa penseli. Mtu hana budi kuingilia kati na kuamua wapi pa kukaa na wapi pa kuruka.

"Na hesabu je?" jirani yangu aliuliza, kwani daftari bado lilikuwa mkononi mwake. Ningeweza kumtajia Ubongo Kids, katuni ya hapa Tanzania iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2014, ambayo hufundisha watoto hesabu. Badala yake nilimwuliza mtoto: ikiwa kila mchoro hupigwa mara mbili, michoro 5 huchukua picha ngapi, na hiyo ni sehemu gani ya sekunde? Alijibu kabla sijamaliza, na mama akaliweka daftari mezani.

Tulikata kalenda ya mwaka jana vipande vidogo, tukavibana pembeni, maana upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Mtoto alichora upya: vipande 6 paka akijikunyata, 4 akiwa ametulia tuli, 2 tu angani, kimojawapo paka akiwa mrefu kama kamba, kimoja akiwa amebonyea mezani, na 5 vya mkia kumfuata mwenyewe. Ilimchukua jioni mbili, na alifuta mara nyingi kuliko alivyochora.

Mama ndiye aliyevipitisha kwa kidole kwanza, akasema hakuona paka akiruka. Akavipitisha tena, akacheka, akauliza samaki amekwenda wapi.