Ekrani Ikijaa, Alarme Iko Wapi?

Mu mafabriki ya shaba ya Kolwezi na Fungurume, kazi nyingi leo inafanyika mbele ya ekrani. Mutu mumoja anakaa mu chumba cha kontrole, anachunga pompe, mikanda ya mawe na matanki ya asidi. Fundi mwenye kuingia chini ya mukanda kubadilisha kipande, uzima wake uko mu macho ya ule mutu. Njo maana leo tunasema juu ya kitu chenye kuonekana kidogo: dirisha la ordinatere lenye kujaza ekrani yote.

Hata ku nyumba taabu hii inajulikana. Unafungua video, inapanuka mpaka pembeni. Saa haionekane tena. Butoni ya kufunga imejificha, inatoka paka ukipeleka mushale juu kabisa. Mutoto mwenye kutayarisha Examen d'État anafinya Échap, inamutosha mu video. Lakini ukurasa wa intaneti uliojazwa na F11, Échap haiwezi kitu: ni kufinya F11 tena. Nani alimwambia? Hakuna. Na dakika za cyber zinalipwa.

Haiko kosa ya mutoto. Wenye kutengeneza programu njo walichagua vile. Mwaka 2011 Apple ilitoa Mac OS X Lion: mwenye ekrani mbili akijaza moja, ya pili ilibaki kijivu, bila kazi. Ilitengenezwa paka mwaka 2013. Mwaka 2012 Microsoft ilitoa Windows 8, ikaondoa butoni ya Démarrer, na programu zake mupya zikajaza ekrani yote. Watu walilalamika sana, na mwaka 2013 butoni ilirudi. Tushike hilo: mwenye kutumia akisema kwa nguvu, hata kampuni kubwa inarudi nyuma.

Ku nyumba hasara ni dakika. Ku fabriki inaweza kuwa mwili wa mutu. Tarehe 24 mwezi wa saba 1994, fabriki ya kusafisha mafuta ya Milford Haven, kule Wales, ililipuka. Watu 26 waliumia. Wachunguzi wa serikali ya Uingereza waliandika kwamba mu dakika 11 za mwisho, watumishi wawili walipigiwa alarme 275. Tena ekrani zao hazikuwa na ukurasa wa kuonyesha hali ya fabriki yote kwa mara moja. Kila moja ilionyesha kipande chake. Waliona matawi, hawakuona muti.

Wakubwa wengine watajibu kwamba dirisha lenye kujaza ekrani linasaidia mutu kutuliza akili mu kazi moja. Ni kweli, kwa mwenye kusoma plani ya galerie ao kufanya hesabu. Lakini mwenye kuchunga mashini haiko na kazi moja. Yeye anachunga yote.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Alarme ikae siku zote juu ya kila dirisha, hata lile lenye kujaza ekrani. Saa na njia ya kutoka vionekane bila kutafutwa. Na mbele ya kununua ao kubadilisha programu, watumishi wa zamu ya usiku waulizwe, juu wao njo wanabaki na ile ekrani wakati mainjinia wamelala.

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inaomba kampuni ziwe na komite ya usalama na usafi. Ile komite isiangalie paka kofia na viatu. Iingie mu chumba cha kontrole, ijaze ekrani na dirisha moja, kisha iulize mutumishi: alarme ikilia sasa, utaiona wapi? Kama anakawia kujibu, kazi ya kutengeneza ianze siku ileile, mbele fundi hajaingia chini ya mukanda.