Mashauri kwa Wenye Magari: Harufu ya Mpira Unaoungua

Wasomaji wetu wengi wana pikapu, nayo ndiyo ichukuayo viazi, kabichi na maziwa toka shambani mpaka sokoni. Juma hili twapenda kueleza jambo moja ambalo huwatisha wenye magari, tena huwapotezea fedha bure, yaani harufu kama ya mpira unaoungua.

Wako wasikiao harufu hiyo wakaendelea na safari, wakitumaini kwamba itakwisha yenyewe. Wako na wengine waendao mbio dukani kununua mkanda mpya wa feni, na baada ya siku tatu harufu hurudi. Wote hawa hupata hasara kwa sababu moja: hawakutafuta kwanza harufu yatoka wapi. Basi simamisha gari mahali tambarare, nje ya barabara, ukajiulize maswali mawili. Je, harufu ilianza wakati gani? Je, ni kali zaidi upande gani wa gari?

Ikiwa yaanza unapowasha injini au taa, pamoja na mlio mkali kama wa filimbi, shuku mkanda wa feni. Zima injini, ngoja ipoe, kisha bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya sehemu iliyo ndefu. Katika magari mengi ya namna ya zamani, mkanda ulio sawa hubonyea kiasi cha sentimita 1. Ukizidi sana, umelegea. Lakini kabla ya kununua mwingine, mwambie fundi auvue, azungushe kwa mkono puli ya pampu ya maji na puli ya altaneta, yaani mtambo unaotia umeme katika betri. Puli iliyokwama ndiyo inayounguza mkanda, na mkanda mpya utaungua vivyo hivyo. Wala usidharau jambo hili, kwa maana katika magari mengi mkanda ukikatika pampu ya maji husimama, na injini huharibika upesi kwa joto.

Ikiwa harufu huja wakati wa kupanda mlima na mzigo, kwa mfano toka Mai Mahiu kwenda Limuru, na injini yanguruma lakini mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Harufu yake si ya mpira hasa, ila hufanana nayo. Huenda klachi imechakaa, au imeingiwa na mafuta, au dereva ana desturi ya kupumzisha mguu juu ya pedali. Tena si vyema kulizuia gari mlimani kwa klachi. Kazi hiyo ni ya breki.

Ikiwa yatoka kwenye magurudumu, tazama kwanza kama breki ya mkono imeachwa bila kufunguliwa. Kisha sogeza kiganja karibu na kila gurudumu, bila kuligusa. Gurudumu lililo moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki yake inashika. Usilimwagie maji baridi, kwani chuma chaweza kupasuka. Jambo hili ni la hatari kubwa: mafuta ya breki yakichemka, pedali huzama mpaka chini na gari halisimami. Gari la namna hiyo lisiteremshwe mlima hata kidogo mpaka litengenezwe. Na hata breki zikiwa nzima, teremka kwa gia ndogo.

Chungulia pia juu ya matairi ya nyuma. Mzigo ukizidi, springi hulala na tairi hukwaruza bodi. Utaona mahali palipong'aa. Dawa yake ni kupunguza magunia. Angalia tena kama kipande cha plastiki au cha gunia la nailoni kimenasa kwenye bomba la moshi.

Mwisho, ikiwa harufu ni kali ndani, karibu na miguu ya dereva, huenda ni nyaya za umeme. Zima gari mara moja, watoe abiria wote, na kama hakuna moshi wala moto, fungua waya wa betri wenye alama ya kutoa. Usiweke kamwe kipande cha waya mahali pa fyuzi, wala fyuzi kubwa kuliko ile iliyoandikiwa. Fyuzi imewekwa ili ikatike yenyewe badala ya gari kuungua.

Yafaa kila mwenye gari awe na daftari dogo, aandike siku, mwendo, uzito wa mzigo, na mahali harufu ilipoanza. Fundi akisomewa maneno hayo hatabahatisha, wala hatakulipisha vyombo usivyovihitaji. Gunia la viazi laweza kungoja mpaka kesho, lakini walio juu ya gari lisilo na breki hawawezi kungoja.